Misumari ya Nusu

Fundi wa mabati katika mji wetu huuliza swali moja tu kabla ya kupanda juu ya nyumba. Haulizi habari za mvua wala za upepo. Anauliza, "Nusu, ao mpaka mwisho?" Anauliza kama vile mama wa mgahawa anavyokuuliza kama unaweka sukari kwenye chai, unajibu, naye anapanda. Nilikuwa mtu mzima, mwenye diploma ya filozofia, siku nilipoulizwa swali hilo juu ya nyumba yangu mwenyewe kule mtaa wa Mbunya, na sikupata hata nafasi ya kufungua kinywa. Mama alinijibia. "Nusu," alisema. "Piga nusu, ulaze kichwa."

Kwa asiyejua nieleze. Musumari unaupiga mpaka katikati ya urefu wake, halafu unaulaza kichwa juu ya bati ili bati lisitembee. Unapandisha mawe machache na tairi za zamani ili upepo usicheze nayo. Basi, nyumba imeezekwa. Mtu akileta habari mbaya saa nne asubuhi, saa tano umekwisha kung'oa mabati yote, umeyafunga kwa kamba, umeyabeba kichwani, na unaondoka na nyumba yako. Kuta zinabaki, lakini kuta ni udongo, na udongo uko kila mahali.

Mama yangu hakuwa mwoga. Nalisema mapema kwa sababu mke wangu aliwahi kumwita hivyo siku moja, na nilikasirika mpaka nikatoka kutembea bila viatu. Baba alikufa kwa ugonjwa mbele ya vita, akatuachia nyumba ya mabati kumi na manne na nyundo yenye mapembe ya kung'olea misumari. Siku ya kwanza tulipokimbia, mama alikaza kitenge kiunoni, akapanda juu mwenyewe, akawa anang'oa na kunipokeza. Mabati mawili yalitupatia nafasi kwenye kamyo ya mizigo. Moja lilikwenda kwa muuguzi aliyenichoma sindano njiani. Mengine yaligeuka mihogo, chumvi, sabuni na chumba cha kupanga, moja moja, mwezi baada ya mwezi. La mwisho tulilala chini yake. Jirani yetu, mtu wa maringo, alikuwa amepiga misumari mpaka mwisho. Yeye alikimbia mikono mitupu, na mabati yake walikuja kuyang'oa watu wengine, ambao hawakujali kama yanapasuka.

Kwa hiyo nikisimama darasani kufundisha kwamba historia ni mambo yaliyopita, najua nasema uongo. Ya mama haikupita. Ilikuwa juu ya vichwa vyetu, imelazwa kichwa, inangoja.

Ninafundisha filozofia mwaka wa sita, kwa wanafunzi wanaojitayarisha kwa mutihani wa serikali. Kazi yenyewe ni ya kuchekwa kidogo. Watu wananiuliza sokoni kama filozofia inapikwa na sombe, majani ya muhogo. Lakini nilipenda somo moja kupita yote, lile la kuishi na kuchagua, na nilikuwa nalifundisha kwa mfano wa ndama, maana nusu ya darasa wametoka kwenye familia zenye ng'ombe. Ndama akizaliwa, niliwaambia, wenyewe wamekwisha kujua: huyu wa maziwa, huyu wa mahari, huyu wa kuuzwa sokoni Ariwara. Maisha yake yamemtangulia. Lakini mtoto wa mtu akizaliwa, mnaweza kumkalia kikao wiki nzima na hakuna atakayejua ni wa nini. Yeye mwenyewe ndiye atakayejibu, kwa kila anachokifanya na kila anachokiacha, na hawezi kumtuma mwingine amjibie.

Walikuwa wanaandika. Msichana mmoja wa nyuma akainua mkono. Alikuwa amekimbia vita upande wa Djugu, anaishi kwa shangazi yake. "Prof," alisema, "mie nimekimbia mara tano. Nilichagua mara tano?"

Nikamjibu bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa na jibu mfukoni. Nikasema kukimbia ni kuchagua, na kubaki ni kuchagua, hata kukaa bila kuchagua ni kuchagua. Darasa likaandika. Yeye hakuandika. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejiridhisha sana, nikapita chini ya misumari ya nusu ambayo mama alinichagulia, nikakaa kula.

Mke wangu alitoka Ariwara. Baba yake anauza vitambaa pale, na kwao nyumba inapigwa misumari mpaka mwisho, kwa sababu wanawaza wateja wa kesho. Wiki yake ya kwanza kwetu upepo ulivuma mchana, tukiwa mezani, na juu yakaanza yale tuliyoyazoea: ka-ka-ka, bati juu ya bati, kutoka upande wa mlango mpaka upande wa nyuma. Mama aliendelea kumega bugali. Mimi niliendelea kumega bugali. Mke wangu aliweka tonge chini.

"Nyumba hii inasema nini?" aliuliza.

"Ni upepo," nikamwambia.

"Upepo unapiga nyumba zote. Hii inaongea."

Alipojua habari ya misumari alinicheka. Aliniambia mganga hajigangi, wewe unafundisha watoto ya watu kuchagua na nyumba yako imekaa kama mtu aliyesimama mlangoni na mzigo. Nilimwambia aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Akasema, sawa, lakini weye haukuumwa, aliyeumwa ni mama, weye ulibeba mabati tu. Tuliishi hivyo, kwa utani, na mtoto wetu wa kike akazaliwa chini ya kelele ile, akawa analala vizuri tu, kumbe ukizaliwa ndani ya kelele unaiona ni kimya.

Siye tunahesabu wakati kwa namna yetu. Kuna mbele ya vita, kuna wakati wa vita, halafu kuna hii ya sasa, ambayo haina jina. Serikali inaiita amani. Redio inaiita utulivu. Mama alikuwa anaiita kungoja. Katika kungoja mtu anaoa, anapanda mahindi, anapeleka mtoto kliniki, lakini kila kitu anakifanya kama mtu aliyepanga chumba, hapigi msumari ukutani kwa kuogopa mwenye nyumba. Nilikuwa hivyo. Sikununua kabati kwa sababu kabati halibebeki. Sikupanda miti ya matunda isipokuwa mpapai mmoja, kwa sababu mpapai hauchelewi. Nilikuwa na haraka ya kitu ambacho sikukijua, asubuhi naamka nimekwisha kuchoka nacho, na nikiulizwa shida ni nini ninasema hakuna.

Siku ya upepo mkubwa nilikuwa shuleni. Ulianza kama saa nane, pamoja na mvua ya mawe, mpaka tukaacha kusoma kwa sababu hakuna aliyeweza kumsikia mwenzake. Nilipofika nyumbani mabati matatu hayakuwa juu. Moja lilikuwa kwenye mfereji wa jirani. La pili lilikuwa barabarani, na mwenye pikipiki alikuwa anazunguka nalo kulitafutia mwenyewe. La tatu lilikuwa limelala uani, na mpapai ulikuwa umekatwa sawasawa, kama vile mtu anavyokata ndizi kwa kisu. Chini ya mpapai palikuwa na beseni. Maji ya kuogea mtoto yalikuwa bado ya uvuguvugu ndani yake.

Mke wangu alikuwa amesimama ndani, mtoto kifuani. Alikuwa amemtoa kwenye beseni kwa sababu simu iliita, jambo dogo tu, dada yake alitaka kuuliza bei ya sabuni. Hakulia. Alinionyesha shina la mpapai kwa kidole, halafu akaangalia juu, pale mbingu ilipokuwa inaingia sebuleni.

"Vita haikutuua," alisema. "Kuogopa vita njo kutatuua."

Aliondoka wiki ile kurudi kwao Ariwara, yeye na mtoto, na kamyo ya bidhaa ya jamaa wa baba yake. Aliniaga vizuri, hakuna aliyepaza sauti. Alisema atarudi siku misumari yote itakapopigwa mpaka mwisho, si mbele ya hapo. Akaongeza kwamba ahadi ni deni, kwa hiyo nisimwahidi kitu sasa.

Nilikusanya mabati yale matatu, nikamwita fundi, na mama akasimama chini. "Nusu," alisema. Nilikuwa pale, nina kinywa, nina diploma. Nilimtazama fundi, naye akanitazama kwa muda mrefu kidogo kuliko kawaida, halafu akapiga nusu. Niliona aibu. Lakini ukweli ni kwamba moyoni nilifurahi kidogo pia, kwa sababu mama akiamua, hakuna atakayeniuliza mimi.

Wiki ya pili mke wangu akapiga simu. Nikamdanganya. Nilisema kazi imekwisha, misumari yote iko chini, fundi amefanya vizuri.

"Kweli?"

"Kweli."

"Upepo iko kwenu leo?"

"Iko kidogo."

"Basi shika simu juu, nisikie."

Nilisimama uani na simu mkononi, na nadhani kwa dakika nzima nilitafuta njia ya kusema mtandao umekatika. Halafu nikainua mkono. Ka-ka-ka, kutoka mlangoni mpaka nyuma. Nikarudisha simu sikioni. Kisha akasema mtoto ameota jino, akanitakia mchana mwema, akakata. Jino la kwanza la binti yangu nimelijua hivyo.

Jumatano iliyofuata mama alikwenda kwenye mkutano wa wamama wa kanisa. Sikumwita fundi, kwa sababu anaimba kwaya moja na mama na habari ingefika kabla sijamaliza safu ya kwanza. Nilipanda mwenyewe. Nilishusha mawe, nikatupa tairi, nikainua vichwa vilivyolazwa, nikapiga. Mimi si fundi. Misumari mingine ilikwenda mshazari, mingine nilijipiga kidole, lakini kila mmoja niliupiga mpaka kofia yake ikazama kwenye bati, na juu yake nikaongeza misumari mipya, zaidi ya inavyohitajika, kwa hasira. Sijui nilikuwa namkasirikia nani. Mara nyingine ilikuwa mama, mara nyingine mke wangu, mara nyingine yule msichana wa nyuma ambaye hakuandika. Nilishuka, nikaoga, nikavaa shati safi kama mtu anayengoja wageni.

Mama alirudi jioni, akavua viatu mlangoni, akakaa, akaanza kunieleza habari za mkutano. Upepo ukapita. Juu hakukusikika kitu. Alinyamaza katikati ya neno, akangoja, upepo ukapita tena. Mama yangu alijua kwa kimya.

"Umepiga," alisema.

"Nimepiga, mama."

"Yote?"

"Yote. Mpaka mwisho."

Alivaa viatu vyake tena. Hakuwa na haraka. "Mutoto yangu," alisema, "kitu yenye wanapiga musumari mpaka mwisho ni sanduku ya maiti tu. Mie siko maiti." Akachukua mkeka wake, blanketi, Biblia, na ile nyundo ya marehemu baba, akahamia jikoni. Jikoni kwetu ni kajumba ka nyasi nyuma ya nyumba, mashiga matatu ya kupikia na moshi. Nilimfuata, nikamwomba, nikapiga magoti pale kwenye majivu. Alinipa chai na kuniambia nikalale kwangu.

Nilingoja upepo ndipo nimpigie mke wangu simu. Siku ulipokuja nilimpigia, nikainua simu juu bila neno, nikaishika mpaka mkono ukaniuma. Aliniuliza kama barabara ya kuja kwetu, ile ya Nizi, inapitika ao hapana. Nikamwambia kamyo zinapita zikiwa nyingi pamoja. Hiyo ilikuwa kweli ya wiki ile. Ya wiki iliyofuata hakuna aliyeijua, na siku tatu alizokuwa njiani na mtoto wangu niliuliza habari kwa kila mtu aliyetoka upande ule. Nilifikiria kwamba nimemwita mtu apite barabara ile kwa sababu ya misumari.

Alifika mchana, vumbi mpaka kwenye kope. Alisimama sebuleni akasikiliza. "Hailii," alisema, na akatabasamu tabasamu nililolikosa tangu siku ya mpapai. Halafu akauliza mama iko wapi.

"Jikoni."

"Anapika?"

"Anakaa kule."

Aliona mkeka haupo. Aliona msumari wa ukutani ambapo mama alikuwa anatundika kitenge chake hauna kitu. Tabasamu likaondoka. "Kumbe umeniwekea nyumba kwa kumtoa mama," alisema. Nilimwambia yeye ndiye alitaka. Akasema alitaka misumari, hakutaka muzee alale na moshi. Nikasema basi aniambie mtu mmoja anaweza kupiga musumari nusu na mpaka mwisho kwa wakati mmoja namna gani. Nilipaza sauti. Mtoto akaanza kulia, na kutoka jikoni mama akaita, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mulete mutoto huku."

Tuliishi hivyo karibu miezi mitatu. Mama alipika, mke wangu alipakua, mtoto alitambaa kutoka kwa mmoja mpaka kwa mwingine akibeba majivu kwenye magoti. Mama hakununa. Alisalimia, alicheka, aliuliza habari za shule. Ila hakuvuka kizingiti cha nyumba, hata mvua ilipompata uani alizunguka nje. Kila asubuhi nilikwenda kazini mapema kuliko inavyotakiwa. Nilifundisha lile somo la kuchagua kwa darasa lingine na nikaliruka haraka, kurasa zote kwa saa moja.

Halafu ikaja Jumamosi moja. Nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi mezani, kalamu nyekundu mkononi, mtoto anacheza chini na vifuniko vya chupa. Barabarani watu walianza kupita kutoka upande wa Nizi. Kwanza walipita wachache, wanawake wenye magodoro, halafu mbuzi, halafu mtu mwenye baiskeli aliyepakia mlango. Mlango tu, bila nyumba. Jirani alimwuliza kuna nini, naye akajibu bila kusimama kwamba hajui, ameona wengine wanakimbia. Ilitosha. Dakika chache baadaye nikasikia ule mlio, musumari unapotoka kwenye mbao, kama panya aliyebanwa. Kwanza nyumba moja. Halafu ya pili. Halafu mtaa wote ulikuwa unang'oa.

Nataka kuandika kwamba nilikaa nikafikiri. Sikufikiri. Niliweka kalamu chini, nikaenda jikoni, nikainua mkeka wa mama, nikachukua nyundo. Alikuwa anachambua sombe. Alinitazama nikichukua, akaendelea kuchambua. Nilipanda juu ya nyumba na kuanza na safu ya mbele.

Kofia zilikuwa zimezama. Nilikuwa nimezizamisha mwenyewe, kwa hasira, na mapembe ya nyundo hayakupata pa kuingia. Nikagonga pembeni, nikachimba, nikainua ukingo wa bati na kuvuta kwa uzito wangu wote. Musumari haukutoka. Bati ndilo lilipasuka. Lilipasuka kutoka kwenye msumari kwenda katikati, tundu refu kama mkono wangu, na mlio wake nikausikia kwenye meno. Kupitia pale nikaona sebule yangu kutoka juu. Niliona meza, kazi za wanafunzi, kalamu nyekundu. Na binti yangu amekaa sakafuni, kifuniko cha chupa mkononi, ameinua uso ananitazama. Hakuogopa. Aliona baba yake ndani ya tundu, akanipungia mkono.

Mke wangu alikuwa amesimama uani. Hakuwa amefunga mzigo, hakuwa amevaa viatu. "Prof," alisema, si kwa utani, "unafanya nini?"

Nilimkumbuka yule msichana wa nyuma darasani. Aliniuliza kama kukimbia ni kuchagua, nami nilikuwa nimejibu haraka kwa sababu nilidhani swali ni lake. Sasa niko juu, magoti yanaungua kwa bati la moto, na hakuna mtu duniani aliyenituma. Si mama. Mama alikuwa jikoni na sombe yake. Vita haikunituma, maana vita yenyewe hakuna aliyeiona asubuhi ile. Niliona aibu, na ndani ya aibu kulikuwa na kitu kingine nisichokipenda: nilikuwa ninahitaji kung'oa. Nilikuwa nimengoja siku ile miaka yote, na ilipofika niliikimbilia karibu kwa furaha.

Mama alitoka jikoni anapangusa mikono. Alitazama mtaa, wanaume juu ya nyumba, mabati yanashuka moja moja. Alitazama tundu. Alijua bati lililopasuka halinunuliwi na mtu.

"Shuka, mutoto yangu," alisema. "Ile haiko mabati tena. Ni nyumba."

Nilishuka. Alinyoosha mkono, nikampa nyundo. Akaenda nayo mpaka mlangoni, akavua viatu kama mgeni, akaingia. Alikaa kwenye kiti kinachotazama mlango, nyundo kwenye mapaja, akauliza kama mtoto amekula. Mke wangu akasema bado. Akasema basi sombe iko jikoni, iletwe. Tulikula siye wanne, mlango wazi, watu wanapita na magodoro, na jua lilikuwa linaingia kwenye lile tundu na kukaa katikati ya meza. Sikuwahi kuogopa vile maishani mwangu. Wala sikuwahi kukaa mahali kama nilivyokaa pale.

Hakuna kilichofika mjini siku ile. Jioni mvua ilinyesha juu ya mtaa uliobaki kuta, na kesho yake majirani wakaanza kuezeka tena. Fundi alipita nyumba kwa nyumba na swali lake. Karibu wote walisema nusu. Siwacheki. Ningekuwa na bati zima ningesema nini, sijui.

Mama aliishi nasi miaka miwili tena, ndani. Tundu nililipaka lami, lami ikapasuka, nikalipaka tena. Mke wangu alisema usipoziba ufa utajenga ukuta, ninunue bati jipya niache ubishi. Nilimwambia nitanunua, na sikununua. Bati lile halikutobolewa na risasi wala halikupasuliwa na upepo, na kila mvua ikinyesha ninaweka sufuria chini yake mimi mwenyewe.

Mama alikufa kitandani kwake, kwa moyo, mchana, mikono yake ndani ya mikono ya mke wangu. Watu wengi wa umri wake hapa hawakupata hiyo. Fundi aliyetengeneza sanduku alikuwa yule yule wa mabati. Alilileta uani, wakamlaza, kwaya ikaimba, mfuniko ukawekwa. Fundi akapanga misumari mdomoni, akachukua nyundo, akainama. Halafu akasimama. Alikuwa amemjua mama miaka mingi. Alinitazama, misumari mdomoni, na nikaona swali limemjia kwa mazoea na ameona haya kuliuliza.

Hakukuwa na mtu wa kunijibia.

"Mpaka mwisho," nikasema.

Alipiga. Nilisimama nikahesabu kila mmoja mpaka kofia ikazama. Halafu nikaingia ndani kuweka sufuria, maana mvua ilikuwa imeanza.